Sindano za Julie

Kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, Emérance alikuwa ameshafagia uwanja, ameteka ndoo mbili za maji bombani, na amemwekea mbwa wao, Kapita, masalio ya bukari, ugali wa jana, chini ya mti wa parachichi. Baada ya hapo alikimbia. Alikata mtaa mzima wa Kikula mpaka sokoni na kurudi, na wauza mkaa waliokuwa wakipanga magunia yao walizoea kumpigia makofi.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na katika timu ya mpira wa kikapu ya shule yao hapakuwa na msichana aliyemshinda kwa kasi. Tatizo lake lilikuwa moja: hakujua kushindwa. Timu ikipoteza mchezo, hata wa mazoezi tu, uso wake ulifura, akaacha kusalimu watu, na njia nzima akayapiga mawe mateke.

Kapita naye hakuwa mbwa rahisi. Alikuwa na rangi ya kutu na sikio moja lililochanika. Baba yake Emérance, Papa Germain, alimpa jina hilo kwa sababu tangu utotoni alibwekea kila mpitaji kama msimamizi wa kazi anayehesabu vibarua. Kuku watatu walipoibwa, Papa Germain alimfunga mnyororo mfupi mchana na usiku. Alisema mbwa wa mnyororo huwa mkali, na wezi huogopa ukali.

"Hii mbwa siku hizi iko na roho mubaya," alilalamika Mama Rosalie, mama yake Emérance. "Zamani alikuwa anacheza na batoto. Sasa hata minye ananinungunia."

Emérance alisikia, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Jumamosi moja, mwamuzi alimpulizia filimbi kwa kosa ambalo yeye aliona si kosa. Emérance aliushika mpira kwa mikono miwili na kumtupia mwamuzi kifuani.

"Toka!" alisema Monsieur Cyrille, mwalimu wao wa michezo. Hakupaza sauti, na hilo lilimuuma zaidi. "Jumapili ya wiki ijayo tunacheza na timu ya Kambove. Weye hutacheza."

Emérance alitoka. Zamu ya kutunza mpira wa timu ilikuwa yake, basi akafika nao nyumbani akiwa na hasira. Mama alikuwa sokoni, baba kazini. Kapita aliinua kichwa. Emérance akaupiga mpira kwa nguvu zake zote, ukamgonga mbwa mbavuni. Kapita alilia, akakimbia, mnyororo ukamkaba shingo na kumrudisha. Mpira ukarudi pia. Emérance akamrushia tena, na tena, mpaka mkono ukachoka.

Haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa miezi miwili sasa. Kila alipokosea, kila aliposhindwa, Kapita ndiye aliyelipa. Baadaye Emérance aliona aibu, akaificha aibu hiyo, na siku nyingine akarudia.

Jumatatu Monsieur Cyrille alimnyang'anya mpira na kumpa Julie, mwenzake wa timu, autunze. Julie alikaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mkono wa kulia usiokosa kikapu. Tangu Kapita alipokuwa mtoto, Julie ndiye aliyemletea mifupa, na Kapita alimtikisia mkia kuliko alivyowatikisia wenye nyumba.

Jumanne jioni Julie alikuja mbio, mpira mkononi.

"Hodi! Emérance, toka! Monsieur amesema ukimuomba mwamuzi msamaha, utacheza!"

Emérance alikuwa ndani akimenya viazi. Alisikia jina lake, akasikia kishindo cha mnyororo, kisha tak! kitu kikakatika. Alipofika mlangoni, Kapita alikuwa amemrukia Julie. Mpira ulidunda na kujiviringisha kando. Julie alikuwa ameshika kiganja chake cha kulia, na damu ilikuwa ikichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Mama Rosalie alimvuta Julie bombani, akamwosha jeraha kwa sabuni na maji mengi, huku akimkaripia Emérance alete kitambaa safi. Majirani walijaa. Kabla kitambaa hakijafungwa, baba yake Julie, Papa Benoît, aliingia na chuma kirefu mkononi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka.

"Iko wapi hii mbwa?"

Kapita alikuwa amejibanza nyuma ya choo, kipande cha mnyororo kikining'inia shingoni.

"Muue!" Emérance alipiga kelele. "Muue sasa, Papa Benoît! Muue!"

Sauti yake ilipita sauti za wote. Alijua vizuri kwa nini anapiga kelele: mbwa akifa, hapatakuwa na wa kuuliza kwa nini alimgeukia Julie. Mama Rosalie alimgeukia na kumtazama kwa mshangao, kisha akasimama mbele ya Papa Benoît.

"Kwanza mutoto apelekwe kwa muganga. Chuma chako kitangoja."

Zahanatini, mwuguzi aliyeitwa Monsieur Fidèle alilifungua jeraha, akaliosha upya, akauliza, "Mulimukanyaga hii mbwa? Mulimunyang'anya chakula?"

"Hapana," alisema Julie. "Niliingia tu. Alikuwa rafiki yangu."

Monsieur Fidèle akamgeukia Emérance. "Weye njo unaishi naye. Kuna mtu anamuchokoza?"

"Hapana, Monsieur."

Neno lilitoka upesi, laini kama mafuta.

Mwuguzi akatikisa kichwa. "Mbwa akiuma mutu bila sababu, tunaogopa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishaingia kichwani, hakuna dawa. Nitamuambia daktari, na nafikiri ataanza sindano kesho. Zinapigwa kwenye tumbo, moja kila siku." Kisha akamwelekezea kidole Papa Benoît, aliyekuwa amewafuata. "Na hiyo mbwa isiuawe! Ifungiwe peke yake siku kumi, tuiangalie. Mukiiua leo kwa hasira, tutajuaje kama ilikuwa mugonjwa?"

Papa Germain aliporudi kutoka kiwandani na kusikia habari, alimburuta Kapita mpaka kwenye kibanda cha zamani cha kuku, akapigilia mbao mlangoni. "Siku kumi," alisema kwa meno yaliyokazwa. "Kisha namuua kwa mukono wangu."

Emérance aliona hilo lingetosha kuificha siri yake. Lakini kesho yake Julie alimwomba amsindikize kwa sindano, ambazo miaka hiyo zilichomwa tumboni, akaingia naye chumbani. Julie alilala chali, akauma kola ya gauni lake, na mkono wake usio na jeraha ukaubana mkono wa Emérance mpaka vidole vikafa ganzi. Hakulia. Alitoka akitembea ameinama kama bibi kizee. Alhamisi ikawa vilevile. Ijumaa tumbo lilikuwa limevimba, na mwuguzi alitafuta mahali papya pa kuchoma.

Siku hiyo ya tatu Papa Benoît alikuwa akiwangoja uani mwa zahanati, kati ya akina mama waliopanga foleni na watoto wao. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, na msimamizi wake alikuwa amemgombeza.

"Minye nimefikiri sana," alimwambia Julie. "Mbwa anayekujua haumi bure. Ulimufanyia nini?"

"Sikumufanyia kitu, papa."

"Usinidanganye! Batu bananicheka, minye nakutetea, kumbe weye njo ulimuchokoza!"

"Sikumuchokoza! Hata hakuniangalia. Aliangalia mpira tu, sijui kwa nini..."

Kofi likalia. Julie aliyumba, akashika tumbo.

Emérance alisikia hasira ikimpanda, ile aliyoizoea, ya kutaka kurusha kitu. Alimtazama Papa Benoît, kisha mwuguzi aliyetoka mlangoni, kisha Julie. Hakumwona wa kumrushia. Hasira yote ilimrudia mwenyewe.

"Usimupige!" alipaza sauti. "Siyo yeye! Ni minye!"

Foleni nzima iligeuka.

"Ni minye njo namupiga Kapita," alisema, na sasa maneno yalimtoka yenyewe. "Na mpira. Kila tukishindwa. Iko na mnyororo, haiwezi kukimbia. Akiona mpira anajua atapigwa. Siku ile aliuma mpira, mukono wa Julie ulikuwa pale. Nilimudanganya Monsieur Fidèle."

Julie alimtazama. Uso wake mpole ukabadilika, ukawa uso ambao Emérance hakuwahi kuuona.

"Sindano tatu," alisema. "Ulikuwa umenishika mukono, Emérance. Ulikuwa unaniangalia!"

"Julie..."

"Usiniguse!"

Papa Benoît alikuwa akikitazama kiganja chake kilichopiga, kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. Monsieur Fidèle ndiye aliyewaita wote ndani kwa daktari. Daktari aliuliza mengi, jioni akaja mwenyewe kumwona Kapita kibandani: anakula, anakunywa maji, anawatambua watu. Akaamua sindano zisimame, ila mbwa achunguzwe kila siku. "Akibadilika hata kidogo," alisema, "tunaendelea siku hiyohiyo. Na kuamua ni kazi yangu, si ya mutu mwingine."

Daktari alipoondoka, Papa Germain aliingia ndani na kuanza kufungua mkanda wa suruali. Emérance alisimama katikati ya chumba, hakukimbia.

"Germain," alisema Mama Rosalie kutoka jikoni. "Ukimupiga yeye, yeye atamupiga nani?"

Papa Germain alisimama, mkanda umening'inia. Alipumua kwa nguvu kama aliyetoka kupanda kilima. Hatimaye aliutupa mkanda juu ya kiti na kuketi.

"Minye njo nilitaka mbwa mukali," alisema polepole. "Nimemupata." Kisha sauti ikawa kali tena. "Sikia, Emérance. Kuanzia leo weye unamulisha na kusafisha kibanda chake, na mikono yako iwe mitupu. Na kesho unaenda kwa Monsieur Cyrille, unamuambia yote kwa kinywa chako."

Alikwenda. Kumwambia Monsieur Cyrille kulikuwa kugumu kuliko mbio zozote alizowahi kukimbia. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nilikuwa tayari kukurudisha. Sasa hapana. Jumapili utakaa benchi na kubeba maji ya wenzako." Jumapili Kambove waliwafunga thelathini na moja kwa kumi na tisa. Emérance alibeba ndoo, akagawa maji, na kila kikapu kilichokosekana alijua ni mkono gani uliokuwa umefungwa bendeji. Hasira ilimjia. Mara hii aliiacha ikae palepale ilipo, na jioni hakumtupia mtu wala mnyama.

Kapita hakumsamehe upesi. Siku za kwanza, Emérance alipoingia na sufuria, mbwa alijikunyata pembeni na kujikojolea. Kuona hivyo kulimuuma kuliko ambavyo mkanda ungemuuma. Aliketi sakafuni, akaweka viganja wazi juu ya magoti, akangoja. Siku ya sita ya kufungiwa, mbwa alikula akiwa amemgeuzia mgongo. Siku ya tisa alikula akimtazama.

Siku ya kumi Monsieur Fidèle alifika, akamchunguza Kapita, akasema, "Huyu ni muzima." Mama Rosalie akapiga ishara ya msalaba. Papa Benoît na Julie walikuwepo pia. Papa Benoît alimwuliza Papa Germain, "Bado unataka kumuua?"

"Hapana. Natafuta waya nimujengee ua, aweze kutembea bila mnyororo."

"Minye iko na waya. Nitaleta." Kisha Papa Benoît akamgeukia Emérance. "Weye mutoto, nilikukasirikia sana. Bado kidogo. Lakini nisikilize. Hasira kila mutu iko nayo: minye, baba yako, hata hii mbwa. Si kosa kuwa nayo. Kosa ni kuitua juu ya asiyeweza kujibu wala kukimbia. Ukifanya hivyo haiishi, inatembea. Ilitoka kwako ikaingia kwa mbwa, ikatoka kwa mbwa ikaingia kwa Julie, na minye pia nikaiongeza kwa kofi. Na uongo wako njo uliifungulia njia. Neno moja la kweli siku ya kwanza, mutoto wangu hangechomwa hata sindano moja."

"Nisamehe, Papa Benoît," alisema Emérance. "Nisamehe, Julie."

Julie alikunja na kukunjua vidole vyake, ambavyo bado havikukunjika vizuri.

"Bado nimekukasirikia," alisema. "Nitakuambia siku itakapoisha." Akauinua mkono ule. "Lakini muganga amesema mukono huu ufanye mazoezi, na siwezi kudaka peke yangu. Kesho saa kumi, uwanjani. Utanirushia polepole."

"Polepole," alisema Emérance.