Na Mwandishi Wetu

Mwili ulikutwa nyuma ya mtambo wa kuchapia magazeti, juu ya marobota ya nakala zilizorudi bila kuuzwa. Mpiga chapa wa zamu ya asubuhi alidhani ni mlevi aliyejilaza. Alimtikisa bega, akarudi nyuma, kisha akapiga ukelele.

Inspekta alipofika, utepe wa polisi ulikuwa umeshazungushwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyeuliza swali kabla ya kutazama. Alichuchumaa. Marehemu alikuwa mwanamume wa makamo, amevaa koti la michezo lililopauka. Mikono yake ilifungwa kwa mkanda mgumu wa plastiki, wa aina inayofungia maboksi ya bidhaa. Soli za viatu vyake zilikuwa na unga mweupe, laini.

"Anafahamika?"

"Nani asiyemfahamu, afande?" Sajini alijibu. "Huyu ni Kipenga, mwandishi wa michezo. Zamani alikuwa mwamuzi. Aliacha siku timu zote mbili zilipomkimbiza kwa pamoja."

Daktari wa uchunguzi aliinuka polepole. "Amepigwa kwa muda mrefu. Mbavu zimevunjika, na nadhani damu imevujia ndani. Lakini hakuuawa hapa. Hakuna alama za purukushani. Ameletwa."

"Kwa nini aletwe hapa?"

"Hilo si swali la daktari."

"Ni salamu," Sajini alisema. "Wamewawekea wenzake mlangoni."

Chumba cha habari kilikuwa juu ya mtambo. Siku nyingine kingekuwa na makelele ya simu na mabishano. Asubuhi hiyo waandishi walikaa mbele ya kompyuta zilizozimwa. Msichana mmoja alikuwa ameegemeza kichwa kwenye meza ya Kipenga, mabega yakimtetemeka. Alikuwa binti wa Mhariri, mwandishi mdogo kuliko wote pale.

Mhariri aliwapokea ofisini kwake, mlango wazi. Nywele zake zilikuwa nyeupe.

"Alikuwa na maadui?" Inspekta aliuliza.

"Mwandishi mwenye kazi ya maana hakosi maadui."

"Hata wa michezo?"

Mhariri alivua miwani. "Inspekta, sasa hakuna tena cha kuficha. Zile habari za dawa ziliandikwa na yeye."

Mji mzima ulizijua habari hizo. Kwa majuma kadhaa gazeti lilikuwa likieleza jinsi kiwanda kimoja kilivyochakachua dawa ya homa ya watoto kwa kuiongezea unga wa ngano. Watoto walikuwa wamekufa wodini huku wazazi wao wakiwanywesha dawa kwa uaminifu, kijiko kwa kijiko. Chini ya kila kichwa cha habari paliandikwa: Na Mwandishi Wetu.

"Nieleze utaratibu huo," Inspekta alisema.

"Habari ikiwa ya hatari, hatuweki jina. Anayejua mwandishi ni mimi na mwandishi mwenyewe. Hata mke wake hapaswi kujua. Hata mpiga chapa."

"Basi kiwanda kilimjuaje?"

"Mji una masikio."

Wakitoka, Inspekta alisimama kando ya msichana. "Pole sana. Alikuwa nani wako?"

"Baba mdogo. Si wa damu. Yeye na baba walisoma pamoja. Ndiye aliyenifundisha kazi." Alijifuta uso kwa kiganja. "Alikuwa akisema habari bila ushahidi ni sawa na bao la kuotea. Unashangilia, halafu unaaibika."

"Ulijua kuwa yeye ndiye aliyeandika habari za dawa?"

Msichana alifumbua mdomo.

"Hajui." Mhariri alikuwa amesimama mlangoni kwake. "Hakuna aliyejua isipokuwa mimi."

Msichana akafumba mdomo. Inspekta aliliona hilo, akalihifadhi.

Kufikia adhuhuri redio zote zilikuwa zikimtangaza Kipenga kuwa shujaa wa uandishi. Mjane wake alizisikia akiwa jikoni, na alipowafungulia polisi mlango uso wake ulikuwa na mshangao kuliko machozi.

"Mnamzungumzia mume wangu?" aliuliza. "Huyu huyu?"

"Hukujua, mama?"

"Ningejua nini? Mume wangu akipata mafua anaandika wosia. Vidonge namhesabia mimi, la sivyo anameza vya kesho leo. Huyo ndiye achunguze dawa?" Alianza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati. Inspekta alingoja. "Nisamehe, mwanangu."

"Usiombe msamaha, mama. Niambie kitu kimoja. Habari ya kwanza ilieleza Jumamosi moja, mchana kutwa, ndani ya wodi ya watoto. Mwandishi alikaa na akina mama mpaka jua likazama. Unakumbuka mumeo alikuwa wapi?"

"Jumamosi? Jumamosi yuko uwanjani. Hata harusi ya mdogo wangu aliikosa kwa sababu ya fainali."

Sajini alikohoa. "Afande, Jumamosi ile nilikuwepo. Tulifungwa. Kipenga alikaa mstari wa mbele, anamgombeza mshika kibendera kama mtoto wake. Hakuondoka mpaka dakika ya mwisho. Nilimwona kwa macho yangu."

Garini, Inspekta hakuwasha injini.

"Basi hakuwa yeye," alisema.

"Hakuwa yeye."

"Mtu wa nje akibahatisha jina, atamdhania mwandishi wa siasa, au wa afya. Hawezi hata siku moja kumdhania mtu wa mpira. Hawa hawakubahatisha, Sajini. Waliambiwa."

"Na aliyewaambia aliwadanganya."

"Na mwandishi mwenyewe yu hai." Inspekta aliutazama usukani. "Wauaji wakijua wamekosea mtu, watarudi. Jambo hili libaki ndani ya gari hili."

Maabara ilifanya kazi haraka. Unga wa viatuni ulikuwa wa ngano, uliochanganyika na chembe za dawa ya homa. Juu ya mkanda wa plastiki zilipatikana alama za vidole za mtu aliyewahi kufungwa kwa kujeruhi. Sasa alikuwa mkuu wa ulinzi wa kiwanda cha dawa.

Alikamatwa getini, akiwa amevaa sare. Katika chumba cha mahojiano alikaa kama mgeni anayesubiri chai.

"Mkanda una alama za vidole vyako."

"Mikanda ile naishika kila siku."

"Marehemu alikufa na unga wa ghala lenu viatuni. Naye alikuwa akija kila siku?"

Mtu yule alirekebisha kola ya sare yake.

"Nimeuliza."

"Hatukukusudia afe."

"Mlikusudia nini?"

"Aseme nani kamfungulia ghala. Nani anampa siri za ndani. Bosi alitaka hilo tu."

"Akasema?"

Mtu yule aliangalia mikono yake. Kwa mara ya kwanza alionekana kuitambua. "Mwanzoni alicheka. Alituambia tumepotea njia, yeye anajua kona na penalti tu. Akauliza nani katupa jina lake."

"Mkamwambia?"

"Nikamwambia. Nikasema, Mhariri wako mwenyewe ndiye aliyemwambia bosi. Nilidhani itamvunja moyo, aanze kusema."

"Ikawaje?"

"Akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikadhani amezimia. Halafu akasema, 'Basi, ni mimi.' Nikamwambia, mzee, kama si wewe sema, uende nyumbani kwako. Akasema ni yeye, kaandika zote, hakuna mwingine. Akang'ang'ania hapo hapo. Tungefanya nini?"

"Mngemwacha," Inspekta alisema, akazima kinasa sauti.

Mwenye kiwanda alikamatwa mchana ule ule, huku wakili wake akifoka nyuma ya gari la polisi. Inspekta hakungoja kumsikiliza. Alirudi gazetini.

Safari hii aliufunga mlango wa ofisi ya Mhariri.

"Nani alikuwa wodini Jumamosi ile?"

"Nilishakwambia."

"Kipenga alikuwa uwanjani. Sajini huyu alikuwa nyuma yake."

Mhariri alimtazama Sajini. Kisha alikaa, taratibu, kama mtu anayeteremka ngazi gizani.

"Simtaki mwandishi ili nimdhuru," Inspekta alisema. "Namtaka ili nimlinde. Lakini nadhani namjua. Yuko nje ya mlango huu, na anakuita baba."

Mhariri alijifunika uso. Aliposema, alisemea ndani ya viganja.

"Yule mwenye kiwanda alikuja hapa. Alikaa kwenye kiti hicho. Hakupiga kelele. Alisema nimpe jina, au atawahoji watu wangu mmoja mmoja, kwa namna yake. Akasema ataanza na wadogo, maana wadogo hawakawii kusema. Akamwangalia binti yangu kupitia kioo. Alimwangalia tu, kama mtu anavyoangalia saa."

"Ungekuja kituoni."

"Nilikuja. Nilifungua jalada. Niliambiwa nirudi juma lijalo, askari anayehusika yuko likizo."

Sajini aliinamisha kichwa. Inspekta aliliandika hilo kwenye daftari lake.

"Kwa nini Kipenga?" aliuliza baadaye.

"Kwa sababu hawezi kuwa yeye! Kila mtu angeona hawezi kuwa yeye." Mhariri aliinua uso uliolowa. "Nilifikiri watampigia simu, watamuuliza maswali mawili, waone hajui hata jina la dawa, wamwache. Nilikuwa nikitafuta siku chache tu za kumsafirisha mtoto. Nilidhani watahakiki, Inspekta. Sisi huwa tunahakiki. Mtu akikuletea jina, unauliza, unalinganisha, jina likikosa ushahidi unalitupa. Maisha yangu yote nimefanya hivyo. Nikasahau kuwa wale si waandishi."

"Hukumwonya."

"Ningemwonya ningelazimika kumwambia kwamba nimewapa jina lake. Kila asubuhi nilisema nitamwambia mchana. Hakuwakana? Hakuwaambia si yeye?"

Inspekta angeweza kunyamaza. Lakini mtu yule alikuwa ameishi kwa kuuliza, na alistahili jibu.

"Aliwaambia. Kisha akauliza nani aliwapa jina lake. Walipomjibu kuwa ni wewe, akabadili maneno. Akasema ni yeye. Alielewa unamficha nani."

Sauti iliyomtoka Mhariri haikuwa neno. Sajini aligeukia dirisha.

Mhariri alipotulia, aliinyoosha mikono yake mwenyewe ili afungwe pingu. Inspekta alimsomea haki zake, na shtaka analokabiliwa nalo: kutoa taarifa ya uongo iliyosababisha kifo.

"Nipitisheni mlango wa nyuma," aliomba. "Asinione."

Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Binti yake alisimama pale, na ilikuwa dhahiri kuwa amesikia vya kutosha.

"Baba, ungewaambia ni mimi."

"Mwanangu, usiseme hivyo."

"Nilikuwa tayari. Nilipoanza kuandika, baba mdogo aliniuliza kama niko tayari, nikamwambia ndiyo. Wewe hukuniuliza."

Mhariri alitaka kumshika. Pingu zilimzuia, naye binti hakusogea. Waandishi walisimama mmoja baada ya mwingine Mhariri alipopitishwa kati ya meza zao. Hakuna aliyemzomea. Walimtazama mtu aliyewafundisha wote kutoitoa siri ya mwandishi, akishushwa ngazi na polisi.

"Nani atamwambia mama mdogo?" binti aliuliza.

"Ni kazi yangu," Inspekta alisema.

"Si yako. Niruhusu."

Walikwenda pamoja. Nyumba ya mjane ilikuwa imejaa watu. Kaka wa marehemu alikuwa akiwasimulia waombolezaji jinsi mdogo wake alivyowafichua wauza sumu, na kila mtu aliitikia kwa kichwa kwa fahari. Msichana alipita katikati yao, akapiga magoti mbele ya mjane.

"Mama mdogo, zile habari niliziandika mimi," alinong'ona.

Mjane alimwinua kidevu ili amtazame. Inspekta, aliyesimama karibu, alijiandaa kwa kofi, au kwa ukelele.

"Alijua?"

"Alijua. Ndiye aliyekuwa akinisahihishia."

"Na walipomuuliza?"

Msichana alishindwa. Inspekta alichuchumaa, akamjibia kwa maneno machache. Mjane alisikiliza akiwa amefumba macho. Mtu mwingine aliingia kutoka nje akisema kwa sauti kwamba nchi imempoteza mwandishi wake shujaa.

"Nitasema kweli, mama mdogo," msichana alisema. "Nitasimama sasa hivi niwaambie wote."

Mjane alimkamata mkono. "Aliyewatuma yuko ndani, lakini watu wake wako nje. Utasema mahakamani, mbele ya hakimu, polisi huyu akiwa pembeni yako. Leo sema kwa sauti ya chini." Machozi yalimtiririka bila sauti. "Nimeshampoteza mmoja kwa ajili yako. Sitaki wawe wawili."

Akasogea kwenye mkeka, akamwachia nafasi.