Pijo ya Odongo

Adero alikuwa ametoka soko la Jubilee kununua mboga za jioni, jua likizama, alipoliona lile gari. Pijo 404 nyeupe, imeegeshwa mbele ya duka la vitambaa lililokwisha kufungwa. Bampa inang'aa, na doa la kutu hakuna.

"Wueh! Hii mwenyewe ameitunza," alisema mtu wa bodaboda, akiizunguka kwa tamaa.

Adero hakusifu. Macho yake yalikuwa kwenye kitambaa cha manjano kilichotandikwa kiti cha nyuma, chenye ua moja lililofumwa kombo. Yeye ndiye aliyekifuma. Yeye ndiye aliyelikosea ua lile.

Na gari hilo lilisombwa na mafuriko ya Ahero miaka kumi na miwili iliyopita, mumewe Odongo akiwa ndani!

Maiti haikupatikana. Shemeji yake, Ogola, alirudi peke yake siku ile, analia kama mtoto, akasema maji yamembeba kaka yake mbele ya macho yake. Basi ikafuatwa desturi. Likaanguliwa tunda la yago, yaani mwegea, refu kama mkono wa mtu, likafungwa shuka, likazikwa kijijini Usenge badala ya maiti, kwa jina la Odongo. Kisha Ogola akamrithi mjane, wakamzaa Achola. Adero akampikia, akamfulia, akamwombea kanisani, maskini, akidhani wanaomboleza pamoja.

Alisogea. Harufu ya matope ya mto ikampanda puani.

Dirisha likateremka... kri... kri...

Odongo. Hajazeeka hata siku moja.

"Mama Sydney," akanong'ona, kwa jina la kifungua mimba wao. Maji yakamtoka mdomoni pamoja na maneno.

Adero akarudi nyuma hatua moja.

"Si maji iliniua. Nilitoka na dirisha, nikafika kando. Nikapatia Ogola mkono... akashika."

"Halafu?"

"Halafu akaangalia nyuma, kama kuna mtu anaona."

Adero akakaribia dirisha.

"Hakukuwa na mtu. Akaachilia."

Machozi yakamjaa Adero. Alipoyapangusa, mbele yake palikuwa patupu. Lami ililowa maji, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima. Mtu wa bodaboda alikuwa ameshawasha pikipiki na kutoka mbio bila kugeuka.

Alikwenda nyumbani Nyalenda kwa miguu, moyo ukimchemka. Miaka kumi na miwili! Amekula na Ogola, amelala naye, amemwita baba wa mtoto wake. Hakuna aliyewahi kumchezea hivyo maishani.

Ogola alikuwa kitini akingoja chakula.

"Baba Achola," Adero alisema, bado amesimama. "Nimeona ile Pijo mjini."

Ogola hakuuliza Pijo gani. Hakuuliza ya nani. Aliruka, akafunga mlango, akasukuma komeo.

"Alikuambia nini?"

Adero akajua. Kumbe ni kweli.

Nje, kwenye kichochoro ambamo hata mkokoteni haupiti, injini ikanguruma... ikasogea... ikazimika mlangoni. Maji yakaanza kupenya chini ya mlango, meusi, yananuka matope.

"Usifungue," Ogola alinong'ona, amepiga magoti. "Mama Achola, nakuomba. Tafadhali."

Adero akaweka mboga mezani. Akamrudisha chumbani Achola, aliyekuwa akichungulia, akamfungia. Kisha akaenda mlangoni, akavuta komeo.