Kaye mu Mufuko ya Kukimbilia

"Weye ni muvivu, Elysée, muvivu kabisa, miye nilikuzaa…"

"Papa, si uvivu, ile masomo inanichosha, niliisha kusema…"

"Inakuchosha namna gani na hauendake?"

Papa Adrien na mutoto yake walikuwa wanasema pamoja, hakuna mwenye alisikia mwenzake. Elysée alikuwa mwaka wa pili ku iniversite, pale Bunia, masomo ya sheria. Examen, ule mutihani ya mwaka, ilibakia siku ine. Akiikosa, watamufukuza. Leo mwanafunzi mumoja alimuambia papa kama Elysée haonekanake ku masomo. Papa akasema hata mbuzi ya jirani inapitaka ku auditoire, chumba ya masomo, mara mingi kuliko yeye.

Grâce, dada yake mudogo wa miaka kumi na mbili, aliinamisha kichwa. Kila siku papa alimuuliza kama Elysée ameenda ku masomo, naye alijibu ndiyo. Kumbe Elysée alikuwa analala nyuma ya nyumba, anaangalia mabati. Leo Grâce akashindwa kudanganya tena. Akasema yote.

Shangazi Françoise, dada ya papa, alikuwa anakata mboga ya lengalenga. Yeye ni infirmière, muuguzi wa watu wenye vita iliwaumiza moyo. Hakumugombeza mutu. Akamuuliza Elysée tu: anakaaka wapi ku auditoire, anasikiaka nini, kaye zake za kuandikia masomo ziko wapi.

Elysée alijibu pole pole. Anakaaka karibu na mulango. Pikipiki ikilia inje kama bunduki, anasahau yote prof anasema. Kiisha anabakia mutupu, na usingizi. Kaye ziko mu mufuko ya kukimbilia, ile papa alifunga kamba, pamoja na bilanketi na karatasi za kiwanja. Papa alikataza kuifungua, ili vita ikirudi kaye zipone.

"Huyu si muvivu," shangazi akasema. "Moyo yenye inangojea kukimbia haiwezi kusoma. Inaona kila kitu haina maana. Tunasema amechoka, kumbe ni woga. Na weye Grâce, uongo yako ilificha ugonjwa. Ungesema mapema, tungemusaidia mapema."

Akakata kamba na kisu yake, akaweka kaye pa meza. Akasema asubui atamusindikiza Elysée mpaka ku auditoire. Mangaribi wataongea wawili. Elysée akafungua kaye ya kwanza. Ilinuka unyevu.

Papa Adrien alikuwa anaangalia ile kamba pa chini. Wote walizani atakasirika. Akavuta kiti, akakaa mbele ya dada yake.

"Na miye," akasema. "Uniulize vile vile."