Siti ya Mama ni Namba Tatu

Saluni ya msusi ina viti viwili, kioo kimoja na feni inayolalamika kuliko wateja. Kila asubuhi msusi hufagia, hupanga vitana, kisha hukaa kungoja. Kwa kawaida ni mtu wa maneno mengi na vicheko. Wiki ile alikuwa kimya, na vidole vyake vilivuta nywele kana kwamba anang'oa magugu.

Mteja wa siku hiyo alivumilia mistari minne. Kwenye mstari wa tano akashika kichwa.

"Mwanangu, hasira zako zinaishia kichwani kwangu. Nani kakuudhi?"

Mteja huyu watu humwita Mama Tiketi. Miaka ishirini na miwili alikaa nyuma ya dirisha la tiketi la kampuni ya mabasi, mpaka alipostaafu. Msusi akaweka kitana chini, akamweleza.

Mama yake alipasuliwa goti katika hospitali kubwa, mji wa mbali. Aliruhusiwa kurudi nyumbani Ijumaa, mwisho wa mwezi, na stendi ilijaa watu. Mpiga debe mmoja aliwapokea getini, akawanyang'anya mkoba kwa jina la kuwasaidia. Alisema basi linaondoka sasa hivi na zimebaki siti mbili tu. Akataka nauli karibu mara mbili. Msusi akalipa, akapewa karatasi aliyoambiwa ndiyo tiketi. Ndani ya basi hapakuwa na siti hata moja. Kondakta akageuza ndoo katikati ya njia, akamwambia mama akae hapo. Mama mwenye nyuzi gotini alikaa juu ya ndoo kutwa nzima. Walipofika, goti lilikuwa limevimba na mama hakuweza kusimama bila kushikwa kwapani.

Msusi alikwenda ofisi ya kampuni kulalamika. Karani aliigeuza ile karatasi mara moja tu, akasema si tiketi yao.

"Daktari anamtaka tena baada ya wiki tatu, goti lisije likakakamaa," msusi alisema. "Mama amekataa. Anasema bora achechemee maisha yake yote kuliko kupanda basi. Na mimi nitamlaumu vipi?"

Mama Tiketi akaomba kuiona karatasi. Haikuwa na jina la abiria, namba ya siti wala namba ya basi. Uso wake ukabadilika. Yeye pia alikasirika, maana watu wa namna ile aliwajua.

"Amekuibia, hilo sikubishii. Kasirika. Lakini hasira yako usiilete kwenye nywele zangu. Ipeleke dirishani."

Msusi akaendelea kusuka, taratibu sasa, huku akisikiliza. Mama Tiketi alimweleza kwamba nauli ya Ijumaa na ya mwisho wa mwezi mara nyingi hupanda, kwa sababu kila mtu anasafiri. Jumanne na Jumatano mabasi mengi huenda nusu tupu, na kampuni nyingine hupunguza bei. Alimwambia anunue wiki moja kabla, ofisini kwa kampuni yenyewe, na aulize kampuni mbili au tatu kabla ya kulipa. Aulize pia kama wagonjwa au wazee wanapunguziwa. Wengine hupunguza, wengine hawapunguzi, ila kuuliza ni bure.

"Na siti uichague wewe," aliongeza. "Juu ya tairi atarushwa. Kule nyuma ndiyo usiseme. Omba siti ya kwanza, nyuma ya mlango, anyooshe mguu. Kisha soma tiketi kabla hujaondoka pale. Jina, tarehe, saa, siti, namba ya basi. Kikikosekana kimoja, mrudishie karani akiandike."

Kumshawishi mama kulichukua siku mbili. Alikubali baada ya kuishika tiketi na kuona jina lake limeandikwa. Kampuni ya tatu ndiyo iliyokuwa na nauli ya chini kuliko zote kwa siku ya Jumanne, ikawapa siti namba tatu na nne, za kwanza nyuma ya mlango.

Siku ya safari walipanda mapema. Namba tatu ilikuwa na mtu, bwana mmoja mwenye koti, amekwisha kufumba macho. Kondakta alisema mama akae kule nyuma, siti zote ni sawa.

Msusi alihisi damu inampanda. Hakupiga kelele. Alifungua tiketi, akasoma kwa sauti ya kusikika hadi viti vya katikati: jina la mama, tarehe ya leo, namba ya basi hili, siti namba tatu.

"Kama zote ni sawa, huyu bwana aende nyuma. Mama yangu ana goti lililopasuliwa, na siti hii imelipiwa tangu wiki iliyopita. Hatusogei."

Abiria wawili wakasema dada ana haki. Dereva akageuka, akaitazama tiketi, akamwambia yule bwana asimame. Bwana akasimama, akijifanya ndiyo kwanza ameamka. Msusi akaketi namba nne. Mama aliweka mto mdogo chini ya goti, akanyoosha mguu, akalala.

Daktari alilikunja goti na kulinyoosha, akasema linapona vizuri. Kwa fedha iliyobaki kwenye nauli walilala nyumba ya wageni karibu na hospitali. Msusi alikagua chumba na maji kwanza, ndipo akalipa.

Walirudi Alhamisi. Safari hii mama mwenyewe ndiye aliyeinama kwenye dirisha la tiketi kuichagua siti yake. Njiani hakulala. Basi lilipoingia kwenye daraja refu, alimgusa msusi mkono.

"Kumbe njia hii ina mto?"

"Inao, mama. Mkubwa."

"Siku ile niliona migongo ya watu tu," mama alisema, na akaendelea kuutazama hadi ukapotea nyuma ya kilima.