Kafili Hakumwajiri Mtoto

"Huyo mtoto atarudi Kenya akose darasa la kumpokea," jirani yao Zeinab alisema. Alisimama ngazini na ndoo ya nguo.

"Mtoto ni wangu, namfundisha mwenyewe," Risper akajibu. "Na ruhusa ninayo."

"Ya nani?"

"Ya kafili."

Milango mitatu ikafunguka. Katika jengo lile la Al-Murabba, hakuna ugomvi uliokosa wasikilizaji.

Risper alimfundisha binti yake, Ashley, kwenye meza ya jikoni. Mumewe, Naftali, ni fundi wa magari hapa Riyadh. Kila jambo lao lilipitia kwa kafili wake, yule mwajiri aliyemdhamini: ikama, yaani kibali cha ukaazi, likizo, safari. Basi walipotaka kumfundisha mtoto nyumbani, wakamwuliza kafili. Akasema mafi mushkila, hakuna shida. Wakaona mambo halas, yamekwisha.

Sasa walikuwa wakijiandaa kurudi Kisumu. Shule ya huko iliuliza: mtoto alisajiliwa wapi, na nani amempima? Ashley hakuwa amesajiliwa popote wala kupimwa. Ashley alikuwa akilia, akiogopa kukalishwa na watoto wadogo.

Nyuma ya Zeinab akatokea mgeni wake, Lois, mwalimu kutoka Jeddah. Alikuwa amesikia yote, na kicheko kilimshinda.

"Dada, kafili amemwajiri baba," alisema. "Mtoto hakumwajiri."

Hata Risper akacheka. Kisha Lois akaeleza. Mzazi ana haki ya kuchagua malezi ya mwanawe. Lakini mtoto naye ana haki ya kusoma, na serikali hutunga sheria za kuilinda. Nchi nyingine huruhusu masomo ya nyumbani kwa masharti, nyingine hukataa. Kwa hiyo mzazi huuliza ofisi ya elimu kabla ya kuanza: ya nchi anakoishi, na ya nchi anakorudi.

"Na mimi niliyekwisha kuanza?" Risper aliuliza kwa sauti ndogo.

"Uliza leo. Usingoje kesho."

Risper akazipigia simu ofisi zote mbili. Akaambiwa amsajili mtoto katika shule inayotambuliwa, apimwe, awekwe darasa linalomfaa. Na nani alimsindikiza kuitafuta shule hiyo? Zeinab yuleyule. Walizunguka mtaa mzima wa Batha, Zeinab akiuliza kila duka, mpaka wakaipata. Ashley akasajiliwa, akafanya mtihani.

Majibu yalipofika kwenye simu, Risper aliyasoma mara mbili, kisha akakimbia ngazini bila viatu. Ashley amefaulu. Ataingia darasa la wenzake, na shule ya Kisumu imekubali. Zeinab alipiga vigelegele mpaka jengo zima likatoka. Naftali akampigia Lois simu Jeddah, na simu ikapita mkono hadi mkono, kila mtu akitaka kusimulia yeye.

Jikoni, Ashley aliondoa vitabu mezani. Mama yake akaweka ugali, samaki na sukuma wiki.

Zeinab alisimama mlangoni, akavuta harufu. "Mama Ashley, na chakula hiki kafili amekiruhusu?"

"Hiki nakiruhusu mimi," Risper akasema, akimsogezea kiti. "Ingia, mama. Nawa mikono tule."