Ufunguo Usiokuwa Mezani

"Fundi, ukifuta ufunguo umefuta kweli, au ni kama ubaoni, herufi zinabaki zinakuchungulia?"

"Mama, mimi nikifuta, hata gari lenyewe linasahau lilizaliwa wapi."

Mama Pacha alicheka mpaka mkoba ukamteleza begani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa kontena lililogeuzwa karakana, akimtazama fundi aliyelala chali chini ya usukani wa gari la mumewe, miguu nje, kichwa katikati ya nyaya. Mtaa mzima ulimwita Makelele kwa sababu kazi yake ilikuwa kufunga ving'ora vya magari na kuchonga funguo. Mwenyewe alikuwa mpole kupita kiasi. Hata kupiga chafya aliomba radhi kwanza.

"Ufunguo wa akiba ulipotelea wapi?" aliuliza.

"Baba Pacha anasema ulidondoka mtaroni. Mwezi wa tatu huu silali vizuri. Je, kama kuna mtu kauokota?"

"Kuanzia leo atautumia kukwangulia ukoko wa sufuria."

Makelele akatoka uvunguni, akapangusa mikono, akachomeka waya wa mashine yake kwenye gari.

"Sheria ya mashine hii ni moja, mama. Funguo zote za gari ziwe mezani. Uliopo mezani unaandikwa upya. Usiokuwepo umekufa, hata kama uko mfukoni mwa mfalme."

"Huu hapa. Uko peke yake, mjane kama atakavyokuwa mwenye nao akinichezea."

Walicheka wote wawili. Fundi akabonyeza. Kioo cha mashine kikaandika: Funguo zinazotambulika: 1.

"Chuma cha ule mwingine bado kitaingia mlangoni," alieleza. "Lakini mtu akiuzungusha tu, king'ora kinalia na simu yako inapigiwa hapo hapo. Sasa chagua mlio."

Mama Pacha alisikiliza milio tisa, akaikataa minane.

"Nipe hii, inayolia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Nitaitambua hata sokoni."

"Hakuna aliyewahi kuichagua."

"Ndiyo maana naitaka. Kwani wewe, mwanangu, una mke?"

"Jumamosi ijayo, Mungu akipenda."

"Hongera! Anakujali?"

"Kila siku mchana ananipigia kuniuliza nimekula nini."

Tabasamu la Mama Pacha likapungua kidogo, kama taa umeme ukiwa mdogo.

"Wa kwangu aliacha kuniuliza," alisema. Akawasha gari. Alikuwa amemwambia mumewe analipeleka kuoshwa. Sasa angelirudisha kwenye maegesho ya ofisi ya mumewe, ampe mlinzi ufunguo aupandishe juu kwake, kisha apite dukani mtaa wa pili.

Saa moja baadaye Makelele alikuwa na kijiko mkononi, anakula wali na maharage, simu ikaita. Kwenye kioo: Wangu Peke Yangu. Akaipokea akitabasamu.

"Leo nimekula—"

"Mpenzi, nisaidie haraka! Gari la kaka limechachamaa!"

"Gari gani?"

"La kaka! Si ule ufunguo ulionibadilishia ganda, ukaniwekea jekundu? Nimebonyeza, kimya. Nimefungua kwa chuma, sasa linapiga mayowe na mlinzi anakuja!"

Kijiko kilibaki hewani. Nyuma ya sauti ya mchumba wake, mbuzi alikuwa amebanwa na mlango.

Analia, ananyamaza, analia tena.

"Uko wapi?"

"Kwa kaka, nimekwambia!"

"Kiti cha nyuma kuna nini?"

"Sasa hayo maswali ya nini? Niambie linazimwaje!"

"Ili nijue ni gari gani. Kiti cha nyuma."

"Kuna viti viwili vya watoto. Vya bluu. Haya, nizime wapi?"

Asubuhi ile ile Makelele alikuwa amevisogeza viti hivyo kwa mikono yake ili apitishe waya. Katika kimoja aliokota biskuti iliyoumwa nusu.

"Kaka yako si alisema hana mtoto?"

Mbuzi ndiye aliyejibu.

"Mpenzi..." sauti ikawa ndogo.

"Nakuja kuzima," alisema Makelele. Akafunika wali wake kwa sahani, kana kwamba angerudi kuumaliza.

Maegesho ya ofisi aliyoelekezwa na Mama Pacha yalikuwa yamejaa vichwa. Makarani wamening'inia madirishani, kazi imewashinda ghafla. Mama Pacha alikuwa ameshafika kutoka dukani, kamshika mkono binti mmoja aliyeubana mkoba kifuani. Kwenye vidole vya binti, ganda jekundu.

"Fundi, afadhali umekuja! Nimemkamata mwizi! Na unamjua ni nani? Binti wa mapokezi! Huyu huyu anayeniamkia 'shikamoo mama' kila nikija!"

Makelele hakumtazama binti. Alifungua boneti, akaingiza mkono, akachomoa waya mmoja.

Mbuzi akakatika katikati ya mlio.

"Si mwizi, mama," alisema akiwa bado ameinamia injini. "Mwizi hapewi ufunguo kwa hiari. Huyu alipewa."

"Alipewa na nani?"

Baba Pacha alikuwa anashuka ngazi mbili mbili, tai imeruka begani, anabonyeza ufunguo wake kulielekea gari lililokwisha nyamaza.

"Kuna nini hapa? Nilikuwa kwenye kikao!"

"Njoo, baba watoto," mkewe alimwita taratibu, kama anayemwita mezani. "Ufunguo wako uliodondoka mtaroni umepatikana. Kumbe mtaro wenyewe unavaa viatu vya kisigino."

Dirishani mtu alicheka, kisha akajuta.

"Mke wangu, tuongelee nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Baba Pacha alitazama viatu vyake. Mama Pacha akamgeukia fundi, na ndipo alipouona uso wake.

"Mwanangu, na wewe una nini? Unamfahamu huyu?"

"Ni yule wa Jumamosi," alisema Makelele.

Mama Pacha akauachia mkono wa binti kama aliyeshika sufuria ya moto. Akakaa chini, pale pale kwenye saruji, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio.

Kesho yake asubuhi, ujumbe ukaingia kwenye simu ya fundi.

"Sijalala. Naomba dakika tano tu. Nitakueleza yote."

Alikaa nao mpaka chai ikapoa. Kisha akaandika: "Njoo. Beba funguo zako zote."

Alikuja bila wanja, macho yamevimba. Makelele alifagia meza yake kwa kiganja, akaondoa bisibisi na vipande vya waya.

"Weka."

"Wa nyumbani kwetu," alisema binti, akaweka. "Wa sanduku langu. Wa kabati la kazini, ingawa sidhani kama kazi ninayo tena. Na huu." Ganda jekundu likagonga mbao.

"Ni hizo tu?"

"Ni hizo tu. Imekwisha, nakuapia. Ilikuwa ujinga. Alianza kwa kunirudisha nyumbani mvua ikinyesha, mara ananisikiliza shida zangu... Nilikuwa nimepanga kuacha kabla ya Jumamosi."

"Ndiyo maana nikakubadilishia ganda? Ili uache vizuri?"

"Usinitanie leo, tafadhali."

"Sijui namna nyingine ya kulia."

Binti akauvuta mkono wa fundi, akaulaza shavuni kwake. Fundi hakuuondoa. Ukweli usemwe: alikuwa anampenda bado, na mkono wa mtu mpumbavu huwa wa mwisho kupata habari. Alikaribia kusema neno. Labda lingekuwa la msamaha.

"Gari nikilichomeka waya, linaniambia funguo ni ngapi," alisema. "Wewe huna pa kuchomeka. Kwa hiyo nakuuliza mara ya pili, halafu sikuulizi tena. Zimeisha?"

Binti aliuvuta mkoba. Machozi yakautangulia mkono, mkono ukaingia kwenye mfuko wa ndani wa mkoba, ule wenye zipu. Ukatoka na ufunguo mwembamba wa mlango, mpya, unang'aa.

Makelele aliyajua meno yake. Aliyakata mwenyewe, wiki tatu zilizopita, kwenye meza ile ile, huku binti amekaa kwenye kigoda anamwimbia.

"Huu si ulisema ni wa shangazi yako?"

"Ni wa chumba alichonipangia," alinong'ona. "Nilitaka kuutupa. Kweli nilitaka."

"Lakini haukuwepo mezani."

"Nimeuweka sasa! Si nimeuweka?"

"Baada ya kubonyeza."

Alichukua bisibisi ndogo, akalifungua ganda jekundu, akatoa betri, akampa chuma kitupu pamoja na funguo zake nyingine. Ganda akalitia mfukoni. Binti alisimama kitambo mlangoni akisubiri aitwe. Hakuitwa. Visigino vyake vikasikika hadi kona.

Makelele akaandika ujumbe kwa mama yake: "Mama, waambie watu wa Jumamosi wasije. Nitakueleza jioni." Kabla hajautuma, simu ikaita.

"Fundi? Ni mimi, Mama Pacha." Sauti ilikuwa imekauka. "Umekula?"

Makelele alitazama wali wa jana, bado umefunikwa kwa sahani.

"Bado, mama."

"Kula. Halafu njoo nyumbani na vyombo vyako. Vitasa unabadilisha pia?"

"Nabadilisha."

"Basi utakuta funguo zote nimezipanga mezani. Wangu na za watoto."

"Na wa Baba Pacha?"

"Huo haumo."

Akautuma ujumbe, akaokota sanduku la vyombo, akafunga kontena.