Homa Iliyopita Langoni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kavira humsaidia mama yake kupanga samaki wakavu, yaani ndagala wadogo na makayabu ya chumvi, katika soko la Bwera. Mama huyo alihamia hapo kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, na wateja wanampenda kwa sababu hana uchoyo. Mzani ukionyesha kilo mbili nukta tatu, yeye husema, "Lipa mbili! Ile ya nyuma ya nukta iko matabishi yako." Mteja huondoka akicheka na zawadi yake.

Basi Kavira alikua akiamini kwamba kinachofuata nukta ni cha kuachia tu. Akiwa na miaka kumi na tatu, alikuwa hodari wa hesabu za kichwa, na alijua kwamba ni hodari. Alijua mno!

Mwaka huo homa ilizagaa mjini, na shuleni kwao kila mwanafunzi alipimwa joto langoni. Mwalimu Latif, mlezi wa klabu ya kompyuta, alimpa Kavira kazi ya heshima: aandike programu kwa lugha ya C. Programu hiyo ingesoma joto la mwanafunzi. Likizidi 37.5, ingeandika HOMA, na mwanafunzi angepelekwa kwa nesi. Lisipozidi, ingeandika PITA.

"Katika C kila thamani ina aina yake," Mwalimu alisema. "Herufi moja ni char. Namba nzima ni int. Namba yenye nukta ni float. Na namba isiyobadilika, kama kiwango chetu cha homa, itangaze mara moja tu, juu kabisa. Iite KIWANGO, na uweke neno const mbele yake ili mtu asije akaibadilisha kwa bahati mbaya."

"Mbona hiyo ni kazi ndogo, Mwalimu!"

Kweli, alimaliza upesi. Juu kabisa aliandika const int KIWANGO = 37.5, na joto nalo akalifanya int. Kompyuta haikulalamika. Alijaribu 36, ikaandika PITA. Alijaribu 39, ikaandika HOMA. Akajipigia makofi.

"Umejaribu namba zenye nukta?" Mwalimu aliuliza.

Hakuwa amejaribu hata moja. Lakini kengele ya chakula ilikuwa imelia, na harufu ya maharagwe ilikuwa inamwita.

"Ndiyo, Mwalimu. Yote iko sawa."

Ijumaa, siku ya mashindano na shule moja ya Muhokya, rafiki yake Naimah alifika langoni amejikunyata ndani ya sweta, na jua lilikuwa kali. Naimah ndiye aliyekuwa tegemeo lao katika mbio. Kipimajoto kilisoma 37.8. Kavira, aliyekaa langoni na kompyuta ya klabu, akaingiza namba hiyo, na kompyuta ikaandika PITA.

"Kichwa kinanigonga, Kavira," Naimah alisema.

"Acha woga! Mashine imesema upite. Nenda ukatushindie!"

Alasiri, kwenye kona ya pili, Naimah alipepesuka akaanguka. Walimbeba hadi kwa Nesi Yayeri, ambaye alimpima: 39.4. Ilikuwa malaria.

"Mtoto huyu alikuwa mgonjwa tangu asubuhi," Nesi alisema kwa ukali. "Nani alimwambia ni mzima?"

Kavira angeweza kukisingizia kipimajoto, na wazo hilo lilimpitia kichwani. Kisha akamtazama Naimah aliyekuwa akitetemeka chini ya blanketi. Akaona aibu kubwa.

"Ni mimi," alisema huku akilia, akamgeukia Mwalimu Latif aliyekuwa amesimama karibu na kitanda. "Mwalimu, uliniuliza kuhusu namba zenye nukta, nikakudanganya. Sikuzijaribu."

Mwalimu Latif hakumfokea. Alimpeleka kwenye kompyuta. "Aina ya int ni kama kisanduku kisicho na nafasi ya nukta," alisema. "Kiwango chako cha 37.5 kimebaki 37. Joto la Naimah la 37.8 nalo limebaki 37. Je, 37 inazidi 37?"

"Haizidi. Lo! Na mimi nilifikiri ya nyuma ya nukta haina kazi, kama pale sokoni."

"Samaki ni mali ya mama yako, anaweza kumwachia mtu. Homa ya Naimah si yako kuiachia."

Kavira alifuta machozi akaanza kazi. Alibadilisha int kuwa float kwa kiwango na kwa joto, na pale programu inaposoma namba akaweka %f, alama ya namba yenye nukta, badala ya %d ya namba nzima. Kwa kuwa KIWANGO kilikuwa kimeandikwa mahali pamoja, hakuhitaji kukitafuta kwingine. Safari hii alijaribu 37.4, 37.5, 37.6 na 37.8. Kila moja ilipata jibu sahihi, naye akatabasamu.

Naimah alipona kwa dawa. Aliporudi shuleni, Kavira alimwomba radhi mbele ya klabu nzima.

"Nimekusamehe," Naimah alisema, "lakini mbio zijazo utanibebea viatu!" Wote wakacheka.

Mwalimu Latif aliwatuliza. "Kuchagua aina isiyofaa ni kosa la kawaida, hata mimi nimelifanya, ndiyo maana niliuliza," alisema. "Kama Kavira angejibu, 'Bado, Mwalimu,' tungelirekebisha palepale tukaenda kula. Kwa hiyo, wanangu, msione haya kusema bado. Nesi hawezi kumtibu mgonjwa ambaye tumeshamwambia ni mzima."